Haikuonekana Sumu

Siku niliyoanza kazi katika chumba cha maiti, Msimamizi hakunipa kazi yoyote. Alinipa kigoda, akaniamuru niketi karibu na ukuta, nisimguse mtu wala kitu, nitazame tu. Alikuwa mzee wa Songea, Mkristo mwenye msimamo, aliyeingia kazi hiyo tangu enzi ya Mwingereza, na maneno mengi hakuyapenda. Adhuhuri ilipofika aliniuliza, "Umetapika?" Nikamjibu sikutapika. "Umelia?" Nikamjibu sikulia. "Basi kesho njoo na kanga ya kujifunga kichwani. Na udi usijifukize. Humu ndani pua ni chombo cha kazi."

Sikusoma shule hata darasa moja, na haya anayaandika mjukuu wangu kama ninavyoyatamka. Nilichokuwa nacho ni mikono iliyozoea maiti. Nilikuwa mwosha maiti za wanawake mitaa ya Kariakoo, kazi niliyorithi kwa mama yangu mdogo. Nchi ilikuwa imekwisha kuingia katika Ujamaa, kila mtu akiitwa Ndugu, na watu walikuwa wamepata ujasiri wa kulalamika ofisini. Wengi walilalamika kwamba katika hospitali kubwa iliyo upande wa Upanga maiti za mama zao na dada zao hushikwa na wanaume. Hospitali ikatafuta mwanamke mwenye moyo mgumu, na habari zikamfikia mjumbe wetu wa nyumba kumi.

"Bi Tatu," akaniambia mjumbe, "wewe maiti huwaogopi?"

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisengenya," nikamjibu. Akacheka, akanipeleka.

Kwa miaka ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kupokea, kuvua, kupima urefu kwa kamba, kuosha baada ya uchunguzi, na kumkabidhi marehemu kwa jamaa zake akiwa amefunikwa kwa heshima. Daktari Mkuu wa wakati huo alikuwa mgeni kutoka Ulaya, aliyezungumza Kiswahili cha kitabuni, mtu wa haki lakini baridi. Alipoondoka akaja Daktari Bingwa wa patholojia, yaani elimu ya kutambua maradhi na sababu ya kifo kwa kuuchunguza mwili wenyewe. Huyu alikuwa kijana wetu wa Kilimanjaro, aliyesomeshwa ng'ambo na taifa, mrefu, mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kuosha akaniweka kwenye sampuli, vile vipande na maji ya mwili yanayopelekwa maabara. Msimamizi alimwambia mbele yangu kwamba sijui kusoma. Daktari Bingwa akamjibu, "Chupa nitaziandika mimi. Ninataka mtu asiyechanganya."

Kwa kuwa mengi ya kazi ile hayajulikani, na yanayojulikana yamejaa uvumi, nitayaeleza.

Watu hudhani sumu huonekana kwa macho. Hudhani aliyelishwa sumu lazima atoke povu, kucha zigeuke nyeusi na tumbo livimbe. Lakini aliyekufa maji hutoka povu, na mwenye kifafa pia, na yule ambaye moyo umemshinda. Daktari Bingwa alikuwa akisema, "Povu ni povu, Bi Tatu. Halina jina mpaka tumalize." Zipo sumu zinazoacha alama. Maji ya betri huunguza midomo na ulimi. Dawa ya kuulia wadudu wa mimea huifanya mboni ya jicho iwe ndogo kama tundu la sindano, na mwili ukifunguliwa hutoa harufu inayokaribia kitunguu saumu. Moshi wa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huipa ngozi wekundu mzuri, ukadhani marehemu amelala. Lakini mtu akimeza vidonge vya klorokwini kwa kiganja, huweza kulala mezani pasi na alama yoyote. Hapo macho ya daktari hufika mwisho, na kazi huwa ya maabara.

Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Kwanza daktari husikiliza habari: alikula nini, aliumwa wapi, alikufa kwa haraka au polepole. Kisha hutazama nje ya mwili, kabla haujaguswa kwa maji. Kisha hufungua mwili wote, kichwa, kifua na tumbo, hata kama sababu imejitokeza mapema. Mfuko wa chakula hufungwa kwa uzi juu na chini, kama unavyofunga gunia, ndipo ukatwe, ili kilichomo kisimwagike. Damu, mkojo, kipande cha ini na kipande cha figo, kila kimoja huwekwa katika chupa yake safi. Wala chupa hizo hazitiwi fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kwa sababu huvuruga utafutaji wa sumu. Mwisho hupigwa lakiri, muhuri wa nta, nazo hukabidhiwa kwa askari mkono kwa mkono, asiingie mtu wa kati.

Nimeona vifo vingi vilivyodaiwa kuwa vya sumu. Nitakieleza kimoja tu, cha mwanamke aliyeitwa Mwajuma, kwa kuwa ndicho ambacho hakikuisha hata baada ya kuisha.

Mwajuma alikuwa mke mdogo wa Bwana Seif, muuza nazi wa jumla pale sokoni Kariakoo. Mke mkubwa alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Rufiji, mnene, mpole, mpishi wa kusifiwa mtaani. Waliishi nyumba moja, vyumba vikitazamana. Bi Zuhura alikuwa na watoto. Mwajuma alikuwa ameolewa miaka kadhaa bila kupata. Siku hiyo Bi Zuhura alipika, wakala sinia moja, na kabla ya alasiri Mwajuma akashikwa na tumbo. Alitapika, akaanguka uani, akafa kabla gari halijapatikana.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana lilifanywa kwa wema mtupu. Majirani waliosha kanga yake iliyotapikiwa. Walisugua ua. Vyombo Bi Zuhura alikuwa amekwisha kuviosha mwenyewe, kama alivyofanya kila siku. Waosha maiti wakaitwa. Walimwosha, wakalikamua tumbo taratibu kama ilivyo ada yetu, wakampaka karafuu maiti kwenye paji la uso, viganja na magoti. Hapo ndipo mwosha mkuu, mwanamke niliyemfahamu vizuri na aliyejua kazi yake, alipotamka kwamba tumbo hili ni gumu na limevimba, na midomo imekuwa ya ajabu. "Huyu kalishwa kitu," akasema. Wifi yake marehemu akatoka mbio mpaka kwa mjumbe, na mjumbe akaenda polisi. Maziko yakasimamishwa. Bi Zuhura alitolewa jikoni, mkono wake ukiwa bado na unga.

Asubuhi mwili ulipoletwa kwetu, Daktari Bingwa aliinama, akavuta pumzi, akanyanyuka. Harufu iliyokuwapo ilikuwa ya karafuu maiti peke yake. Matapishi hayakuwapo. Chakula kilichobaki hakikuwapo. "Wameniachia yeye tu," akasema.

Nje, chini ya ukuta, jamaa walikuwa wamejaa. Bwana Seif hakutaka mkewe apasuliwe. Alisimama na kanzu yake, akirudia kwamba amesamehe, apewe maiti yake akazike. Hilo nilikuwa nimelizoea. Nisichokizoea ni aliyekuja kunivuta pembeni. Alikuwa Hamisi, ndugu yake Bi Zuhura, mchukuzi wa sokoni, kijana wa mabega mapana.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Sema."

"Wewe ni mtu wa mtaani kwetu. Waambie wasimpasue."

"Dada yako yuko ndani ya polisi, nawe hutaki wamchunguze aliyekufa? Nani atamsemea?"

Akatazama chini. "Wakipasua wataikuta dawa."

"Dawa gani?"

"Alimpa dawa. Ya mizizi, ya kwetu. Mwajuma mwenyewe ndiye aliyemwomba, apate mtoto. Amekuwa akinywa tangu mwezi mtukufu umalizike, na jana alikunywa. Wakiikuta, dada atanyongwa."

Nilimwambia anyamaze na asiondoke pale. Nikaingia ndani, nikamweleza Daktari Bingwa yote, kwa kuwa habari za mgonjwa si mali ya mhudumu. Alikuwa akivaa glavu. Inspekta wa polisi alikuwa amesimama karibu na mlango, leso ikiwa puani.

"Hilo tunalo," akasema Inspekta. "Mwanamke amekiri. Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake, 'Nilimpa dawa.'"

"Dawa gani?" akauliza Daktari.

"Dawa ni dawa, Daktari. Kampa, akafa."

"Ndugu Inspekta, ya kuulia panya tunaiita dawa. Ya kusafishia meno tunaiita dawa. Na mimi nikiumwa kichwa ninakunywa dawa. Katika hizo, amekiri ipi?"

Msimamizi, aliyekuwa akinoa kisu, akasema bila kuinua uso, "Inspekta akiandika hivyo mahakamani, na mwenye duka la dawa akamatwe."

Daktari alianza kwa nje. Aliivuta midomo, akanionyesha ufizi; ulikuwa mweupe kama nazi. Aliukunjua ukope wa chini, mweupe pia. Kisha tukamgeuza. Mtu akifa, damu hutuama upande uliolala chini, na mgongoni huonekana madoa ya rangi ya zambarau. Mgongo wa Mwajuma ulikuwa karibu hauna doa. Daktari aliutazama kwa muda. "Huyu damu yake iko wapi?" akauliza, si kwetu.

Ilikuwa tumboni. Alipofungua, ilijaa mpaka ukingoni, nyingine maji, nyingine imeganda kama ini. Tuliichota kwa vikombe. Chini yake, upande wa kushoto, mrija unaoleta yai kwenye kizazi ulikuwa umepasuka kama ganda la mbaazi. Mimba ilikuwa imetunga humo, nje ya kizazi, mahali pasipo nafasi ya kukua, na siku hiyo ilikuwa imefika mwisho wa nafasi. Mwajuma alikuwa mjamzito, na huenda mwenyewe hakujua.

Inspekta alishusha leso. "Basi si umekwisha kuona, Daktari? Funga, nikamfungulie yule mama."

"Nimeona moja," akasema Daktari Bingwa. "Wakili atauliza la pili: hiyo dawa ilifanya nini? Nikifunga sasa, sitakuwa na jibu, na atalaaniwa maisha yake yote. Bi Tatu, uzi."

Nikampa uzi. Tulifunga mfuko wa chakula juu na chini. Tulichukua damu, mkojo, ini na figo, na kando kipande cha ule mrija. Aliandika kila chupa, nami nikazipanga kama alivyonifundisha. Lakiri ikapigwa, askari akapokea. Nikamwosha Mwajuma upya, kwa taratibu zote, nikamrudishia karafuu maiti yake, nikamfunika. Bwana Seif alipoambiwa kwamba mkewe alikuwa na mimba, alikaa chini kwenye saruji na kanzu yake nyeupe, na watu walimwinua kwa mikono.

Majibu ya maabara yalichelewa kwa wiki nyingi. Wakati huo Bi Zuhura alikuwa mahabusu, na mtaa wetu ulikuwa umekwisha kumhukumu. Kwenye foleni ya unga, katika duka la ushirika, wanawake walizungumza nami bila salamu. "Bi Tatu, ni kweli mlikuta mizizi tumboni?" "Bi Tatu, ni kweli ini lilikuwa limegeuka kijani?" Niliwajibu kwamba mimi ni mhudumu na si redio. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Anaficha. Wanakula sahani moja na hao madaktari." Nilichukua unga wangu nikaondoka.

Siku majibu yalipofika, Daktari Bingwa aliniita akanieleza, kwa kuwa alijua ninatoka mtaa ule na nitaulizwa. Katika mfuko wa chakula ilikutwa dawa ya mizizi na magome ya mti. Ilipimwa dhidi ya sumu zote ambazo maabara yetu ilikuwa na uwezo wa kuzipima, na haikuonekana sumu. Mrija ulipotazamwa kwa hadubini ulikuwa na makovu ya ugonjwa wa zamani. Ndiyo yaliyozuia yai kupita. Sababu ya kifo ilikuwa kuvuja damu kutokana na mimba ya nje ya kizazi.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo haikuwamo sumu?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na sijapata kumwona mtu aliyechukia uongo kama yeye. "Mimi ninaruhusiwa kusema haikuonekana," akasema. "Sababu ya kifo ninaijua, na si dawa ile. Lakini miti ya Rufiji ni mingi, na sisi tunaijua michache. Siwezi kuapa juu ya nisichokipima."

Polisi walimwachia Bi Zuhura. Alirudi kwa miguu, Hamisi akimbebea furushi. Inspekta alifanya jambo la uungwana: alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya mjumbe na wazee, akasoma neno kwa neno kwamba sababu ya kifo ni damu, na kwamba haikuonekana sumu.

Nilikuwapo. Niliona jinsi neno lile lilivyopokewa. Wifi yake Mwajuma alifunga kanga yake kwa nguvu, akamwambia jirani, "Umesikia? Haikuonekana. Hakusema haikuwamo." Kufikia Isha, mtaa mzima ulikuwa ukisema hivyo. Neno lililosemwa na mtu mwaminifu kwa sababu ya uaminifu wake, ndilo watu walilolishika kama mpini.

Bwana Seif hakumwacha Bi Zuhura, wala hakumsemesha. Alikula sokoni. Mwezi wa Ramadhani, majirani wanapopelekeana futari, sahani za Bi Zuhura zilirudi zimejaa kama zilivyotoka, zikifuatana na shukrani nyingi. Kwenye misiba alipewa kazi ya kufagia. Mpishi yule, ambaye harusi za mitaa minne zilimgombania, hakupewa tena hata kitunguu akimenye.

Mimi niliendelea na kazi. Nilihamishiwa hospitali ya wilaya kusini, nikakaa huko miaka kadhaa chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu wa hasira na haki. Nikarudishwa Dar es Salaam. Daktari Bingwa akawa amepanda cheo na kuhamia wizarani, na Msimamizi akawa amezikwa kwao Songea. Nikastaafu vita vya Kagera vikiwa vimekwisha na sabuni haipatikani madukani. Nilipewa mkono wa kwaheri pamoja na zawadi ya redio.

Mnaosoma haya mkitaka kuingia kazi ile, jueni kwamba maiti hana ugomvi na mtu. Hutoa alichonacho kwa anayeuliza kwa utaratibu. Walio hai ndio wanaoharibu: huosha mapema, huzika mapema, na husema mapema. Kifo cha ghafula kikitokea nyumbani kwenu, msifagie ua. Mwacheni marehemu na nguo zake, chungu na mabaki yake, mpaka aje anayejua kutazama. Kufanya hivyo si kumkosea adabu.

Katika kustaafu kwangu, Bi Zuhura alikuja kuniita siku moja, mchana, nikamfuata kwake. Alikuwa amekonda. Bwana Seif alikwisha kufariki, watoto walikuwa wamehama. Alinikaribisha ukumbini, na hakuzunguka.

"Bi Tatu, wewe ulikuwapo. Haikuonekana, au haikuwamo?"

"Haikuwamo," nikamwambia.

Daktari Bingwa asingelijibu hivyo, nami nilijua ninapojibu. Lakini yeye alikuwa na cheti cha kulinda, na mimi nilikuwa na mwanamke mbele yangu.

"Nami ninakuuliza jingine," akasema. "Asingelikunywa dawa yangu, angelishika mimba?"

"Makovu yalikuwa ya zamani. Dawa yako haikuyaweka."

"Sikukuuliza makovu. Miaka yote hakushika. Kanywa kwangu, kashika. Kashika, kafa. Watu wanasema nilimtilia sumu. Sumu sikumtilia. Nilimtilia mtoto."

Nilimweleza tena yote, mrija, yai, damu, kama nilivyofundishwa, taratibu, mpaka mwisho. Alisikiliza kwa adabu kama anayesikiliza habari za nchi nyingine. Nikaona maneno hayana kazi pale. Nikamwambia nina njaa, apike.

Kisha alikwenda jikoni, nikasikia mwiko ukigonga chungu. Alileta wali wa nazi na kunde, akaweka sinia mbele yangu, lakini hakuketi kula nami. Alisimama mlangoni. Nilinawa, nikasema bismillahi, nikala. Wali ulikuwa mzuri kama zamani. Nilikula bila haraka mpaka nikaona chini ya sinia, na kila nilipoinua uso nilimkuta palepale, mkono kwenye mwimo wa mlango, ananitazama mdomoni, na nilipomeza tonge la mwisho hakuyaondoa macho.

"Keti, Zuhura," nikamwambia.

"Bado kidogo," akasema.